Rocky Marciano: Bondia Aliyeshinda Baada ya Kufa

Rocco Marchegiano, ambaye ulimwengu wa ndondi ulimfahamu kwa jina la Rocky Marciano, alizaliwa mwaka wa 1923 mjini Brockton, Marekani, mwana wa mhamiaji wa Kiitaliano aliyefanya kazi katika kiwanda cha viatu. Kwa bondia wa uzani mzito alikuwa mfupi wa kimo na wa mikono, ila konde lake la kulia liliogopwa na pumzi zake hazikuisha. Septemba 1952 Jersey Joe Walcott alimwangusha katika raundi ya kwanza na kumtangulia kwa alama hadi raundi ya 13, ambapo konde hilo lilimpa Marciano ubingwa wa dunia. Alistaafu mwaka wa 1956: mapigano 49, ushindi 49.

Je, angemweza Muhammad Ali? Mwaka wa 1969 Ali, aliyekwisha kupokonywa taji kwa kukataa kuingia jeshini wakati wa vita vya Vietnam, alikutana naye studioni Miami. Marciano alijikondesha, akavaa nywele bandia, nao wakaigiza raundi nyingi fupi zenye miisho mbalimbali ili tarakilishi iamue mshindi. Uamuzi wa ajabu huo, kwani mashine hutapika ilicholishwa tu.

Marciano hakuyaona matokeo. Tarehe 31 Agosti 1969, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46, aliangamia katika ajali ya ndege jimboni Iowa. Januari 1970 filamu ilionyeshwa Marekani: Marciano akamwangusha Ali katika raundi ya 13. Watazamaji wa Ulaya walionyeshwa mwisho mwingine, Ali akishinda.