Imamu Kamaluddin ad-Damiri: Mshoni wa Nguo Aliyeandika Habari za Wanyama

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa kila kitambaacho, kirukacho na kiogeleacho. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Katika maswali tunayoletewa na ndugu zetu wa Unguja na Pemba, mengi ni ya wanyama. Kaa analiwa? Kasa je? Ng'ombe aliyekuwa mgonjwa akawahiwa kuchinjwa, nyama yake ina hukumu gani? Muulizaji mara nyingi hutaka neno moja tu, halali au haramu, arudi nyumbani ateleke chungu. Leo tumeona tuwasimulie maisha ya mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, ambaye alitambua zaidi ya miaka mia sita iliyopita kwamba neno hilo moja haliwezi kutamkwa kwa haki mpaka kwanza mnyama mwenyewe ajulikane.

Kuzaliwa kwake na kazi yake ya mwanzo

Jina lake ni Kamaluddin Muhammad bin Musa bin Isa ad-Damiri. Nisba yake inatokana na Damira, mahali karibu na Samannud katika delta ya mto Nile, lakini yeye mwenyewe alizaliwa na kukulia Cairo. Alizaliwa mwaka 742 H (1341 M), wakati Misri ikiwa chini ya watawala wa Kimamluki.

Cairo ya zama hizo ilikuwa mji wa farasi, ngamia na punda, na elimu ya kuwatibu wanyama ilikuwa na heshima yake. Aliyeifanya kazi hiyo aliitwa baitari. Muda mfupi kabla ya kuzaliwa kwa ad-Damiri, Abubakar bin al-Badr al-Baitar, aliyesimamia matibabu ya farasi katika mazizi ya Sultani an-Nasir Muhammad bin Qalawun, alikuwa ameandika kitabu kikubwa juu ya kuwalea farasi na kutibu maradhi yao. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katika mji ambao wanyama hawakuwa tu chombo cha kubebea mizigo, bali ni jambo la kusomewa.

Alipokuwa na umri wa kama miaka saba, mwaka 749 H (1348 M), tauni kubwa iliingia Cairo ikachukua watu wengi mno. Allah alimbakisha. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya kushona nguo na akala kwa jasho lake. Tunawataka wazazi walizingatie hilo. Mtu huyu hakuzaliwa katika nyumba ya kadhi wala ya waziri. Alikuwa fundi wa sindano na uzi, na kutoka hapo ndipo alipoingia katika darsa.

Kutafuta elimu

Aliposhika njia ya elimu, alikaa mbele ya wakubwa wa zama zake. Alisoma fiqhi kwa Bahauddin as-Subki na kwa Jamaluddin al-Isnawi, na akachukua lugha ya Kiarabu kwa Ibn Aqil, yule yule ambaye sherehe yake ya Alfiyya wanafunzi wa nahau wanaisoma mpaka leo. Kisha naye akawa mwalimu. Alisomesha al-Azhar na katika misikiti na madrasa nyengine za Cairo, na watu walikusanyika kusikiliza mawaidha yake. Mwanahistoria mashuhuri al-Maqrizi alikuwa miongoni mwa waliosuhubiana naye na kuhudhuria vikao vyake.

Wanaomweleza wanasema kwamba ujanani alikuwa mlaji mkubwa, anapenda chakula. Baadaye alijirudi, akawa mtu wa kufunga mfululizo, kusimama usiku na kutosheka na kidogo. Alikwenda Hija mara kadhaa, akawa anakaa Makka kwa muda, akisoma na kusomesha, na huko alioa na kupata watoto.

Katika fiqhi aliacha sherehe kubwa iitwayo an-Najm al-Wahhaj, inayofafanua Minhaj ya Imamu an-Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa visiwa vyetu wamekisomesha kizazi baada ya kizazi. Pia aliandika sherehe ya Sunan ya Ibn Majah. Lakini jina lake lilienea duniani kwa kitabu chengine: Hayat al-Hayawan al-Kubra, yaani maisha ya wanyama, toleo kubwa.

Kilichomfanya aandike

Hakuagizwa na sultani, wala hakutumwa na rafiki. Katika darsa moja palitokea mkanganyiko juu ya majina mawili ya wanyama. La kwanza ni Malik al-Hazin, ndege mwenye shingo na miguu mirefu anayesimama ukingoni mwa maji. La pili ni dhikh, ambaye ni fisi dume mwenye manyoya mengi. Watu wa elimu, waliohifadhi matini na hoja, walikuwa wakiyachanganya majina hayo na kubishana.

Jambo hilo lilimgusa. Jina dhikh limo katika hadithi iliyopokewa na al-Bukhari kuhusu Nabii Ibrahim (A.S.) na baba yake siku ya Kiyama. Basi mwanachuoni atamfahamisha vipi mwanafunzi hadithi hiyo, ikiwa yeye mwenyewe hajui kama anayetajwa ana mbawa au ana miguu minne? Na kadhi atahukumu vipi juu ya nyama, ikiwa hajui jina analoulizwa ni la kiumbe gani?

Akaingia kazini. Rasimu yake ilikamilika mwaka 773 H, naye alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Kitabu kina milango ipatayo elfu moja, iliyopangwa kwa herufi za Kiarabu. Kinaanza na simba na kuishia na mkuu wa nyuki. Wanyama wenyewe ni pungufu ya idadi hiyo, kwa sababu mmoja huweza kuwa na majina mengi, na kila jina likapewa mahali pake. Alichota kutoka vitabu zaidi ya 500 na diwani za mashairi 199.

Katika mlango wa mnyama, kwa kawaida huanza na jina lake na matamshi yake, kisha umbile na tabia zake, hadithi zilizomtaja, hukumu ya kumla kwa mujibu wa wanachuoni, mithali za Waarabu zinazomhusu, yanayosemwa kuwa ni dawa katika viungo vyake, na mwisho tafsiri ya kumuota. Wakati mwengine kalamu humchukua mbali. Alipofika kwa bata bukini, aliingia katika historia ya Makhalifa akaenda nayo kurasa nyingi kabla ya kumrudia ndege wake. Wasomaji wamemcheka kwa hilo na wamemsamehe.

Mfano wa twiga

Tuuchukue mlango mmoja tu ili faida ya kazi yake ionekane. Twiga tunamjua kama mnyama wa taifa letu. Kwa Waarabu wa zamani alikuwa kiumbe wa ajabu: shingo kama ya ngamia, kwato kama za ng'ombe, madoa kama ya chui. Kwa hiyo ilienea kauli kwamba yeye si mnyama wa asili, bali amezaliwa kwa mchanganyiko wa ngamia na wanyama wengine wa porini.

Kwa mtu wa kawaida hizo ni hadithi za barazani. Kwa faqihi ni jambo zito, kwa sababu katika madhehebu ya Shafi, aliyezaliwa na wawili, mmoja analiwa na mwengine haliwi, hukumu yake ni kutoliwa. Wanachuoni wakatofautiana. Imamu an-Nawawi alisema ni haramu, na Taqiyuddin as-Subki alielekea kwenye uhalali. Ad-Damiri alizileta kauli zote, na pamoja nazo akaleta maneno ya al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyemtangulia kwa karne tano, aliyekataa kabisa habari ya mchanganyiko huo.

Leo waganga wa wanyama wamempasua twiga na kumchunguza. Tumbo lake lina sehemu nne, anacheua kama ng'ombe, kwato zake zimepasuka, na jike hubeba mimba ya dume la twiga kwa takriban miezi kumi na mitano. Ni jinsi iliyosimama peke yake. Hatuandiki hapa ili tuwaruhusu watu kuwinda twiga, kwani sheria ya nchi inamlinda. Tunaandika ili ionekane kwamba hitilafu ya wanachuoni wakubwa ilihusiana na suala la mwili wa mnyama, na ad-Damiri alikuwa mwaminifu wa kutosha kuiacha wazi mbele ya wanaokuja baada yake.

Pale alipokosea

Mapenzi kwa wanachuoni hayatuzuii kusema kweli. Ad-Damiri alikuwa mtu wa vitabu. Hakuwa baitari, na hakufuga wala kupasua wanyama ili ahakikishe alichokinukuu. Mkuu wa nyuki alimweleza kama mfalme, kama walivyoamini watu wengi wa kale. Ilikuwa karne ya 17 ndipo Jan Swammerdam wa Uholanzi alipompasua nyuki huyo chini ya hadubini na kumkuta ana mayai. Kumbe ni malkia, na ndiye mama wa mzinga mzima.

Kosa hilo halimdhuru mtu. Sehemu ya dawa ndiyo inayodhuru. Alikusanya yaliyosemwa na watu wa kale juu ya nyongo, mafuta, damu na mifupa ya wanyama, na mengi hayana majaribio nyuma yake. Wapo wanaofungua kitabu hiki leo, wakatoa dawa humo na kumpa mgonjwa, kwa hoja kwamba aliyeiandika ni Imamu. Ndugu zetu, Imamu alinukuu na hakuthibitisha. Mgonjwa apelekwe kwa daktari, na mnyama mgonjwa apelekewe mganga wa mifugo. Kufanya hivyo si kumvunjia heshima ad-Damiri.

Kasa wa Pemba

Sasa tulieleze lililotufanya tuandike makala hii. Mwezi wa Novemba 2021 huko Pemba watu 7 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, wakafariki 9, na 8 kati yao walikuwa watoto. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.

Ad-Damiri alimtaja kobe na kasa katika kitabu chake, akaeleza kwamba wanachuoni wamehitilafiana, na kwamba kauli aliyoisahihisha ar-Rafii ni ya kuharamisha. Wapo kwetu wanaoshika kauli ya kuhalalisha, na hatuwatukani. Lakini hapa ndipo elimu ya mwili wa mnyama inapoingia katika fatwa. Wataalamu wanatueleza kwamba nyama ya kasa, na hasa ng'amba, huweza kuwa na sumu ambayo kwa macho haionekani. Kupika hakuiondoi. Haina dawa ya kuikata. Mama akila, sumu humfikia mtoto anayenyonya kupitia maziwa. Na kasa mmoja huliwa salama, wa pili akaua nyumba nzima, bila ya alama ya kuwatofautisha.

Kwa aliyefikiwa na habari hii, hitilafu ya zamani haimpi tena ruhusa, kwa sababu Sharia imekataza mtu kujitia katika maangamizi na kumdhuru mwenziwe, na katika hilo hapana hitilafu. Na kusema bismillahi juu ya chakula ni ibada. Hakuibadilishi sumu kuwa lishe. Basi tusiwalishe watoto wetu kasa, awe wa kuvuliwa, wa kuokotwa pwani au wa kuletewa zawadi.

Kufariki kwake na athari yake

Imamu ad-Damiri alifariki Cairo mwaka 808 H (1405 M) na akazikwa huko, katika makaburi ya masufi. Kitabu chake kiliendelea kusafiri. As-Suyuti alikifupisha, na kikafasiriwa kwa Kifarsi na Kituruki. Kilipochapishwa Misri, kiliwekewa pembeni kitabu cha Ajaib cha al-Qazwini, na nakala za namna hiyo ndizo tulizozikuta kwa walimu wetu. Huko Maskati, daktari mmoja wa Kihindi, A.S.G. Jayakar, aliyeishi huko miaka mingi akikusanya samaki na wanyama wa Oman, alikifasiri kwa Kiingereza. Juzuu mbili zilitoka mwaka 1906 na 1908, na kazi haikumalizika. Mbuzi mwitu wa milima ya Oman anaitwa kwa jina lake katika vitabu vya sayansi mpaka sasa.

Kwa mzazi anayemwona mwanawe anakimbilia zizini kila ng'ombe anapozaa, au anayekaa diko akihesabu aina za samaki, tunasema: usimkemee kwamba anapoteza wakati wa chuoni. Mpeleke chuoni, na mpeleke skuli asome sayansi ya wanyama mpaka awe mganga wa mifugo. Siku sisi masheikh tutakapoulizwa juu ya nyama iliyo chunguni, huyo ndiye tutakayemuuliza kabla ya kujibu.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Imamu ad-Damiri, awarehemu ndugu zetu wa Pemba waliotangulia, na atujaaliye elimu yenye manufaa. Amin.

Wallahu aalam.