Sayyid Barghash na kamati zetu za ujenzi

Hapa Mchukwi ninakofundisha tulijenga darasa la madrasa kwa michango ya Waislamu. Siku ya kukabidhiwa tulisoma dua, tukala pilau, tukampa fundi mkono. Masika ya pili ukuta ukapasuka. Hakuna mwanakamati aliyekuwa amehesabu ni ndoo ngapi za mchanga zilichanganywa na mfuko mmoja wa saruji, nami nilikuwa mmoja wao. Tangu hapo namfikiria sana Sayyid Barghash bin Said.

Alizaliwa mwaka 1837, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua nduguye, Sayyid Majid, akashindwa na kuhamishiwa Bombay. Alikuwa huko mji ule ulipoanza kupata maji ya bomba mwaka 1860. Alirejea Unguja mwaka 1861, akashika utawala mwaka 1870.

Mji aliourithi ulikuwa umetoka kufyekwa na kipindupindu, na watu wakinywa maji ya visima. Barghash akavuta maji safi kutoka Chemchem hadi mjini, raia wakayapata bure. Hakuwa malaika, soko la watumwa alilifunga mwaka 1873 kwa kubanwa na Waingereza. Lakini katika maji alielewa kwamba mwenye haki ya kuridhika na kazi ni yule atakayeitumia, sio anayeilipia tu.

Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Kabla yake, upana wa chumba cha nyumba ya mawe ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kama hizi zinazotoka delta yetu ya Rufiji. Yeye akaongeza mihimili na nguzo za chuma, akapata kumbi pana na baraza ndefu. Alifariki mwaka 1888. Mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896 iliivunja Beit al-Hukm iliyokuwa jirani, Beit al-Ajaib ikabaki imesimama.

Iliyostahimili mizinga haikustahimili kusahauliwa. Chuma kwenye hewa ya chumvi huliwa na kutu kisipotunzwa. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki.

Ndugu zangu, ubora wa jengo haupimwi siku ya ufunguzi. Kamati ziandikiane mkataba na fundi. Mmoja wetu awepo kila zege linapochanganywa. Sehemu ya malipo ibakizwe, kwa makubaliano ya tangu mwanzo, hadi masika ya kwanza yapite. Na kila jengo liwe na mfuko wake wa matengenezo. Shilingi ya muumini ni amana, na roho za watoto wanaokaa chini ya paa lile ni amana kubwa zaidi.

Wabillahi tawfiq.