Oswald Avery, mwana wa mchungaji aliyepima tena na tena



Sisi wa darasa la sita tunasoma ADN karibu kila juma, na majina ya Watson na Crick tunayajua kwa kichwa. Lakini aliyewafungulia njia, wengi wetu hatumjui. Ndiyo maana tunawaletea habari za Oswald Avery.

Alizaliwa mwaka 1877 mjini Halifax, nchi ya Kanada. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibatisti. Mwaka 1887 jamaa yote ilihamia New York, baba akachunga kanisa huko. Oswald na kaka yake Ernest walijua kupiga tarumbeta, na siku ya Mungu walipiga mbele ya kanisa ili kuita watu. Mwaka 1892 Ernest akafa, na baba naye mwaka ule ule. Oswald hakuacha masomo. Mwaka 1904 akawa munganga.

Lakini uganga haukumpa raha, sababu kwa wagonjwa wengine hakukuwa dawa. Mwaka 1907 akaingia mu labo, na toka 1913 akatumika kwenye hospitali ya Rockefeller Institute, New York. Huko akafuata mikrobe moja, ile ya numonia, zaidi ya miaka 30.

Mikrobe hiyo iko na aina mbili. Moja imevaa koti la sukari, nayo inaua panya. Ingine haina koti, haiui. Mwaka 1928 Mwingereza Griffith alichanganya mikrobe za koti zilizokwisha kufa kwa moto na zile hai zisizo na koti, akawadunga panya. Panya wakafa, na ndani yao kukaonekana mikrobe hai zenye koti! Wafu walikuwa wamewapa wazima urithi wao. Mwanzoni Avery hakuamini. Lakini watu wa labo yake walipojaribu, kumbe ni kweli.

Basi yeye na wenzake MacLeod na McCarty wakatafuta ni kitu gani kinachobeba urithi ule. Kazi ilikuwa ngumu. Katika litre 75 za mikrobe walipata miligramu 10 mpaka 25 tu. Tena mikrobe yenyewe inabeba nukleazi, ni kusema enzimu inayokata ADN kama mkasi. Mikrobe ikifa, mkasi wake unaharibu kile wanachotafuta. Kwa hiyo kwanza walipasha mikrobe moto wa digrii 65 kwa dakika 30, mkasi ukakosa nguvu.

Wakati ule wajuzi wengi walifikiri urithi unakaa mu proteini. Avery hakubishana nao kwa maneno. Alitia enzimu inayokata proteini: urithi ukabaki. Akatia ile inayokata ARN: ukabaki. Akatia maji ya matumbo na damu ya wanyama yenye nukleazi ya ADN: urithi ukapotea. Halafu akaongeza fluoridi, ambayo inazuia nukleazi: urithi ukabaki tena. Angalieni vizuri: mkasi ukikata, urithi unapotea, mkasi ukifungwa, urithi unabaki. Hivyo mwaka 1944, akiwa na miaka 66, akatangaza na wenzake kwamba kitu kile ni ADN.

Wengine walikataa, wakisema labda proteini kidogo imejificha ndani. Mwaka 1946 McCarty na Avery wakaleta nukleazi iliyosafishwa toka kongosho la ng'ombe, na kidogo sana ilitosha kuharibu urithi. Enzimu hiyo haitumiki bila magnesiamu. Ukitia sitrati, magnesiamu inakamatwa na mkasi unasimama.

Zawadi ya Nobel hakuipata hata siku moja. Alihamia Nashville karibu na ndugu yake Roy, akafa huko mwaka 1955, miaka miwili nyuma ya Watson na Crick kuonyesha umbo la ADN.

Wapendwa, sisi tuko na desturi ya kukamata jibu la jirani na kuliandika mbio bila kulipima. Mzee huyu alikuwa na jibu mkononi, naye bado akatafuta njia ya kulivunja. Halikuvunjika. Tukaribiapo mtihani wa Serikali, kila mmoja ajiulize: jibu langu nimelipima, ao nimelisikia tu?