Xenophon na Farasi Mwoga

Xenophon alizaliwa Athens, Ugiriki, yapata mwaka 430 K.K., akawa mfuasi wa Socrates. Mwaka 401 K.K. alikwenda vitani Uajemi. Majemadari walipouawa kwa hila, yeye na wenzake waliwaongoza Wagiriki hadi Bahari Nyeusi. Lakini kwetu sisi walimu, tulioizoea fimbo, lililo kubwa ni kitabu chake juu ya farasi. Askari huyu alikataza kumwendea farasi kwa hasira. Farasi aogopaye kitu asichapwe, maana atadhani kitu kile ndicho kiletacho maumivu; mpandaji akiguse kwanza mwenyewe, kisha amwongoze polepole. (Tumkumbuke mtoto aogopaye hesabu.) Akitii, astareheshwe papo hapo. Hata kushuka, Xenophon alitaka mpandaji ashukie katika uwanja wa mazoezi, ili farasi apate raha palepale alipotaabika.