Alikataa nusu ya mali, akauliza soko liko wapi



Ndugu msomaji, miaka kadhaa iliyopita nilipunguzwa kazini. Kwa miezi saba nilitoka kila asubuhi na bahasha ya vyeti kwapani, nikizunguka maofisini. Mke wangu aliponishauri tuuze maziwa na mtindi barazani, nilikasirika. Mimi mhasibu, majirani watanionaje? Kilichonizindua ni darsa moja baada ya Magharibi, iliyomzungumzia Sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a.). Kisa chake nilikuwa nakijua tangu madrasa, lakini siku ile nilikisikia kwa masikio ya mtu asiye na kazi.

Abdurrahman alikuwa mfanyabiashara wa Makka, na ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kusilimu. Dhiki ilipozidi alihamia Uhabeshi, kisha mwaka 622 akahajiri Madina. Umri wake ulikwishapita miaka 40, na mali yake aliiacha nyuma. Mtume (s.a.w.) akamuunganisha udugu na Saad bin Rabii (r.a.), tajiri katika Answari. Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake yote, na hata kumwacha mke mmoja kati ya wawili aliokuwa nao ili ndugu yake apate kumuoa. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali na familia yake, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko.

Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqaa. Huko mfanyabiashara wa Makka alianza na samli na maziwa ya kukaushwa. Jioni akarudi na faida kidogo, na kesho yake akaenda tena. Haukupita muda mrefu akaonekana na alama ya manukato ya harusi. Alikuwa ameoa, na mahari aliyotoa ni dhahabu ya uzito wa kokwa ya tende. Mtume (s.a.w.) akamwagiza afanye walima, japo kwa mbuzi mmoja.

Tuzingatie hapa. Mtaji, wateja na mji wake vyote vilikuwa vimemtoka. Alichobaki nacho ni ujuzi wa kununua na kuuza, na huo haukuachwa Makka. Jambo la pili ni kwamba hakuona haya kuanza chini ya pale alipokuwa. Mimi ujuzi nilikuwa nao. Kilichonikwamisha ni hiyo haya.

Tabia hiyo hakuwa nayo sokoni peke yake. Katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria, Mtume (s.a.w.) alichelewa kidogo wakati wa Alfajiri. Watu wakamtanguliza Abdurrahman, akaswalisha. Mtume akaikuta rakaa moja, akaswali nyuma yake, akakamilisha iliyobaki, na akaridhia walichofanya. Aidha, Khalifa Umar (r.a.) alipojeruhiwa mwaka 644, aliacha suala la khalifa mikononi mwa watu sita. Abdurrahman, aliyekuwa mmoja wao, alijitoa katika kugombea, akazunguka kuwauliza watu wa Madina, mpaka akapatikana Uthman (r.a.).

Utajiri ulimrudia, na akautoa sana katika njia ya Allah. Hata hivyo, siku moja akiwa amefunga aliletewa futari, akamkumbuka Musab bin Umair (r.a.), shahidi wa Uhud aliyezikwa kwa shuka isiyotosha kumfunika kichwa na miguu kwa pamoja. Akalia, akaacha kula. Alifariki mwaka wa 32 Hijria, akazikwa Baqii.

Sasa niseme lisilopendeza. Kisa hiki siku hizi tumekigeuza fimbo ya kuwachapia vijana wasio na ajira: nenda sokoni kama Abdurrahman! Tunasahau kwamba yeye alipofika alimkuta Saad, na alipoonyeshwa soko aliruhusiwa kuuza. Kijana wetu anamkuta nani? Akitandaza bidhaa anafukuzwa. Akija msikitini tunampa nasaha, wala hatumpi hata mteja mmoja. Wanaotaka kina Abdurrahman waanze kwa kuwa kina Saad: kumjulisha mtu kwa muuzaji wa jumla, kumwazima pembe ya duka, kumkopesha bila riba.

Mimi Saad wangu alikuwa jirani aliyeniazima friji. Mwezi wa kwanza nusu ya mtindi uliharibika. Wa pili nikaanza kuandika hesabu za kila lita kama nilivyokuwa nikiandika za kampuni, na hapo ndipo nilipotambua kuwa uhasibu wangu haukupotea. Ulikuwa unasubiri nishuke barazani.

Wabillahi tawfiq.