MAREHEMU TOM KILBURN, FUNDI WA KUMBUKUMBU FINYU

Anayetaka kuiongezea tarakilishi RAM siku hizi, awe Kisii mjini au Nyamira, ajiandae mfuko. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya chipu za kumbukumbu imepanda duniani kote, maana viwanda vinawahudumia kwanza wenye mitambo mikubwa ya akili mnemba. Sisi wa mashine kuukuu tutabaki na kidogo tulicho nacho. Ndiyo maana safari hii, badala ya mtunzi wa riwaya, tunawaletea mhandisi.

Tom Kilburn alizaliwa tarehe 11 Agosti 1921 huko Dewsbury, Uingereza. Alisomea hisabati Cambridge, na wakati wa vita akapelekwa Malvern kwenye utafiti wa rada, chini ya Freddie Williams. Vita vilipokwisha, wote wawili wakahamia Chuo Kikuu cha Manchester.

Shida ya wakati ule ilikuwa moja: tarakilishi haikuwa na mahali pa kuhifadhi programu. Wao wakatumia kioo kama cha runinga za zamani, wakaandika nukta za umeme juu yake. Nukta zilififia kufumba na kufumbua, kwa hivyo mashine ilizisoma na kuziandika upya bila kupumzika. (RAM za leo nazo huandikwa upya hivyo hivyo, msidhani ni mambo ya kale.) Tarehe 21 Juni 1948 mashine yao, Baby, iliendesha programu ya Kilburn kwa dakika 52 ikatoa jibu sahihi. Kumbukumbu yake yote ilikuwa baiti 128. Ujumbe wa simu uliojaa hauenei humo!

Lakini mimi naona kazi yake kuu ni Atlas, iliyozinduliwa 1962. Kumbukumbu ya kasi ilikuwa ghali mno. Ile ya pipa la sumaku ilikuwa nafuu lakini goigoi. Basi Kilburn na wenzake wakaigawa kumbukumbu katika kurasa. Chukua mwalimu mwenye meza ndogo na kabati kubwa. Daftari anazosahihisha ziko mezani, zingine kabatini. Akihitaji ya kabatini, hurudisha ile ambayo hajaigusa kitambo. Atlas ilijichagulia yenyewe ukurasa wa kurudisha, na programu ikadhani meza ni kubwa ajabu. Sisi Wagusii, tunaobananisha ndizi, mahindi na chai kwenye kishamba kimoja, tungemwelewa mara moja.

Windows na Linux hufanya vivyo hivyo mpaka leo, kabati lao likiwa diski. Ukifungua programu kumi kwenye mashine ya RAM kidogo, haikatai, ila inajikokota: mwalimu anashinda njiani kati ya meza na kabati. Hapo usikimbilie kulaumu virusi. Funga usizozitumia kwanza.

Kilburn aliongoza idara ya sayansi ya tarakilishi pale Manchester tangu ilipoanzishwa 1964, akastaafu 1981. Wapenzi wa kandanda mtafurahi kusikia alikuwa shabiki wa Manchester United kindakindaki. Mwaka 1998, Baby ilipotimiza miaka 50, iliundwa upya ikafanya kazi, naye akiwa bado hai. Alifariki tarehe 17 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 79.