Gustave Flaubert na Wasomaji wa Miswada Yake

Gustave Flaubert alizaliwa tarehe 12 Desemba 1821 mjini Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, ambako baba yake alikuwa daktari mkuu wa upasuaji hospitalini. Alipelekwa Paris kusomea sheria, lakini maradhi yaliyomshika mwaka 1844, yanayodhaniwa kuwa kifafa, yalimkatizia masomo. Mwaka 1846 alifiwa na baba na dada yake. Tangu hapo alifanya makazi yake Croisset, kando ya mto Seine, pamoja na mama yake, akiishi kwa mali ya familia na kushughulika na utunzi tu. Hali hiyo ilimwepusha na dhiki ya kutafuta riziki kwa kalamu. Hata hivyo, ilimweka mbali na wasomaji. Mizani yake ilikuwa rafiki wawili waliosoma miswada yake bila ujira: mshairi Louis Bouilhet na mwandishi Maxime Du Camp.

Mnamo Septemba 1849 Flaubert alikamilisha La Tentation de saint Antoine, kazi iliyomchukua zaidi ya mwaka mmoja, inayohusu mtawa wa jangwani Misri anayeandamwa na maono. Aliwaita rafiki zake Croisset akawasomea mswada wote kwa sauti kwa siku nne, saa nane kila siku, kwa sharti kwamba wasitamke neno hadi mwisho. Baada ya saa 32 hukumu yao ilikuwa kwamba mswada utupwe motoni na usitajwe tena. Walishauri achague maudhui ya kawaida, yatokanayo na maisha ya watu wa tabaka la kati, ili ufasaha wake upate mipaka.

Ifahamike kwamba habari za kikao hicho zinatokana hasa na kumbukumbu za Du Camp, zilizochapishwa baada ya Flaubert kufariki. Ni maelezo ya mmoja wa mahakimu, na mshtakiwa hakuwapo tena kuyajibu. Dai lake kwamba kisa cha Madame Bovary kilipendekezwa papo hapo limetiliwa shaka na wataalamu. Lisilo na shaka ni kwamba Flaubert aliumia sana, na kwamba majuma machache baadaye alisafiri na Du Camp huyo huyo kwenda Misri. Alirejea mwaka 1851, na Septemba ya mwaka huo akaanza kuandika Madame Bovary.

Hapo ndipo njia za wasomaji hao wawili zilipoachana. Bouilhet alifika Croisset siku za Jumapili, akasikiliza kurasa za juma zima na kuzipima sentensi kwa sentensi. Alipohamia Paris mwaka 1853, kazi hiyo iliendelea kwa barua na kwa kutembeleana, hadi riwaya ilipokamilika mwaka 1856. Du Camp, kwa upande wake, alikuwa sasa miongoni mwa wahariri wa jarida la Revue de Paris, lililoichapisha riwaya hiyo kwa sehemu mwishoni mwa 1856. Kwa kuihofia serikali, wahariri waliondoa baadhi ya vifungu, na Flaubert akapinga. Tahadhari hiyo haikufaa kitu: mashtaka yalifunguliwa, na tarehe 7 Februari 1857 mahakama ikamwachia huru. Kitabu kilitoka mwaka huo huo, vifungu vilivyokatwa vikiwa vimerudishwa, na Bouilhet akiwa miongoni mwa waliotabarukiwa.

Mswada uliohukumiwa moto haukuchomwa. Flaubert aliupitia upya mwaka 1856, kisha akauandika tena na kuuchapisha mwaka 1874, ukiwa mfupi zaidi, miaka mitano baada ya kifo cha Bouilhet. Yeye mwenyewe alifariki Croisset tarehe 8 Mei 1880.

Hivyo basi, maisha haya yanadhihirisha kwamba thamani ya msomaji wa mswada haimo katika ukali wa hukumu yake. Mwaka 1849 Bouilhet na Du Camp walikuwa wakali sawasawa. Kilichowatofautisha ni kwamba mmoja alirudi kila juma kuitumikia kazi yenyewe, ilhali mwingine alikuwa na jarida la kulinda. Flaubert, naye, aliupokea ushauri bila kuusalimisha mswada: alilitii shauri la kubadili maudhui, akalikataa la kuchoma.